Kuandaa boti ya faiba kwa rangi mpya ya chini, kati ya bamvua mbili

Rangi ya chini, ile yenye sumu ya kuzuia mwani na magamba chini ya mstari wa maji, ikibanduka miezi mitatu baada ya kupakwa, lawama humwendea muuza rangi. Mara nyingi kopo halina hatia. Okota kipande kilichobanduka, kigeuze, uangalie mgongo wake. Ukiona unga wa rangi ya zamani, basi rangi mpya ilipakwa juu ya rangi iliyokwisha kufa. Ukiona uso laini unaong'aa kama kioo, jelkoti, yaani ganda gumu la nje la faiba, haikupigwa msasa. Ukikuta umajimaji na vipele vidogo, palibaki chumvi au unyevu.

Maelezo haya ni ya boti ya faiba ya mita 6 hadi 9 yenye mashine ya nje, inayolala majini mwaka mzima katika pwani ya Kenya au Tanzania, na inayopandishwa ufukweni kwa sababu hakuna kreni karibu. Mwenye trela anaweza kuruka sehemu ya maji. Mwenye chombo cha mbao asome yote, kisha aangalie tofauti zake mwishoni.

Anza na jedwali la maji

Kazi yenyewe huchukua siku 7 hadi 9, kwa sehemu kubwa kungojea vitu vikauke. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo kati ya bamvua na bamvua kuna siku 14 au 15. Boti iliyokaa mchangani kwenye kilele cha bamvua, maji yakishaanza kupungua siku kwa siku, haitafikiwa tena mpaka bamvua ijayo. Ondoa siku mbili tatu za mwanzo na za mwisho, ambapo mawimbi bado hulamba mkuku (uti wa chini wa boti), na utabaki na siku 9 hivi za kazi kavu.

Bamvua hazilingani, na hapa ndipo wengi hunaswa. Jedwali likionyesha mita 3.9 siku unayopandisha na mita 3.6 wiki mbili baadaye, boti yako itabaki imekaa sentimita 30 juu ya maji, na utaishusha kwa kusukuma na watu ishirini au utangoja mwezi mwingine. Pandisha kwenye bamvua ndogo, ushushe kwenye kubwa. Jihadhari hasa Machi na Septemba, majira ambayo usiku na mchana hulingana, kwa kuwa bamvua za wakati huo huwa miongoni mwa kubwa kabisa za mwaka. Ukipanda nayo kileleni hapo, inayofuata huenda isikufikie.

Kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4. Panda na maji ya alfajiri. Jua likichomoza boti imeanza kukauka na una mchana kutwa wa kuparuza. Maji ya jioni yatairudia kwa kimo kinachokaribiana na kile cha alfajiri. Yatumie kuisogeza juu zaidi au kuigeuza ilalie ubavu wa pili.

Kabla ya kupandisha, toa mzigo wote: madumu ya mafuta, nanga, betri, sanduku la barafu. Lita 200 za petroli peke yake ni karibu kilo 150. Weka mbao nene au magogo chini ya mkuku ili pawe na nafasi ya angalau sentimita 30 ya kupitisha mkono na rola. Pembeni tumia mifuko ya mchanga na tairi kuukuu, mitatu kila upande, au viegemeo vya mbao vilivyofunikwa zulia. Usimruhusu mtu alale chini ya boti iliyoshikwa na jeki tupu. Mahali kila kiegemeo kinapogusa patie alama ya chaki, maana utakihamisha kimoja kimoja baadaye ili kupaka paliposalia.

Kuhusu majira: Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma, ndiyo miezi rahisi. Juni hadi Septemba kunafaa pia, ila kusi huleta mchanga. Masika, kaa nyumbani.

Paruza wakati bado pabichi

Mwani na ute hutoka kwa brashi ngumu na maji ukiwahi katika saa ya kwanza. Ukiacha jua la saa sita liukaushe, utafanya kazi mara tatu. Yale magamba meupe yenye tundu juu, yanayokata mikono, ni mabaya zaidi: gundi yake huzidi kuwa ngumu yakikauka. Kwa hiyo anza kuparuza ungali umesimama katika maji ya magotini, ukifuata mstari wa maji unavyoshuka.

Skrepa iwe ya plastiki, au ya chuma ambayo pembe zake zimesagwa zikawa mviringo. Pembe kali huchimba jelkoti na kukuachia mistari ya kuziba. Mashine ya presha kama za kuoshea magari inatosha. Presha iwe baa 100 hadi 150, mdomo ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye boti, kwa mlalo. Usiielekeze kwenye mshono wa vipimio vya kina wala kwenye malengelenge.

Gamba likitoka huacha duara jeupe la chokaa. Usilipake rangi juu. Duara hilo huyeyuka kwa siki, au kwa tindikali dhaifu iliyozimuliwa: paka kwa brashi, ngoja dakika 10, sugua, suuza kwa maji mengi ya baridi. Tindikali isiguse mguu wa mashine wala zinki (vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya mashine), na mwenye kuipaka avae glavu na miwani.

Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Boti ya mita 7 inataka kama lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20. Watu huona ni usumbufu kubeba maji matamu kwenda baharini, lakini chembe ya chumvi iliyonaswa chini ya rangi huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe na kuinua kipele.

Rangi ya zamani ni ya namna gani?

Rangi za chini zinazouzwa kwetu ziko za aina mbili kubwa. Ngumu hubaki mahali pake huku sumu yake ya shaba ikichuja polepole. Mwisho hubaki ganda tupu lisilo na kazi, nalo hunenepa kila mwaka. Ile inayojimenya huliwa na maji kidogo kidogo na kufunua shaba mpya, kwa hiyo hairundikani. Lowesha kitambaa cheupe, sugua kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa kwa wingi, ni ya kujimenya. Kitambaa kikibaki karibu cheupe, ni ngumu.

Ya kujimenya inaweza kupakwa juu ya ngumu iliyopigwa msasa vizuri. Ngumu juu ya ya kujimenya haishiki, kwa sababu msingi wake unaendelea kumomonyoka. Kama hujui kabisa kilichopo, paka kipande cha sentimita 30 kwa 30 kwa rangi mpya, subiri saa 24. Kikikunjamana kama ngozi ya maziwa, thina ya rangi mpya inaiyeyusha ya zamani na lazima uweke praima ya kutenganisha au uondoe yote.

Halafu fanya jaribio la kisu na tepu, sehemu tano au sita: omo (mbele), katikati kila upande, karibu na mkuku, nyuma. Kata mistari sita ya kusimama na sita ya kulala, umbali wa milimita 3, kisu kifike mpaka kwenye jelkoti. Bandika tepu imara, ikandamize, ivute kwa ghafla. Visanduku kimoja viwili vikitoka, piga msasa uendelee. Vikitoka nusu, hakuna msasa utakaokuokoa. Rangi yote ya eneo hilo ishuke. Hali kadhalika kama tabaka zimefikia unene wa milimita moja au zina nyufa kama matope ya ziwa lililokauka.

Kushusha rangi yote ni kwa skrepa ya kuvuta yenye wembe wa kabaidi, na uvumilivu. Dawa ya kawaida ya kuondolea rangi inayouzwa kwa ajili ya vyuma hushambulia jelkoti. Nunua iliyoandikwa kuwa inafaa kwa faiba tu. Usitumie moto wala bunduki ya joto, kwa sababu moshi wa rangi ya shaba ni sumu. Na grenda yenye diski ya namba 36, chombo kipenzi cha mafundi wengi, iwekwe mbali: jelkoti ina unene wa karibu nusu milimita, na diski hiyo huipita kabla mkono haujahisi.

Kopo kuukuu la miaka ya tisini mtu akikupa bure, likatae. Rangi za wakati huo nyingi zilikuwa na bati la kikaboni, TBT, lililopigwa marufuku kwa mkataba wa IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) wa mwaka 2001 ulioanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008.

Malengelenge na mashimo

Sasa chini ni safi na utaona kila kitu. Pitisha kiganja na tochi iliyolazwa pembeni. Vivimbe vitatupa kivuli. Uvimbe uliomo ndani ya rangi tu hutoka na msasa. Ulio ndani ya jelkoti ni jambo jingine: vaa miwani, utoboe kwa ncha ya msumari, na kitatoka kimiminika chenye harufu ya siki, wakati mwingine kwa kurusha. Ni maji yaliyopenya jelkoti na kuyeyusha kemikali zilizobaki kwenye resini.

Yakiwa machache, fungua kila moja mpaka ufikie faiba ngumu, uache shimo la umbo la sahani lenye kingo zinazoteremka. Osha kwa maji matamu asubuhi na jioni kwa siku tatu, usugue kwa mswaki. Kisha acha pakauke. Kujua kama pamekauka, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote nne kwa tepu, uache saa 24. Matone yakijitokeza upande wa ndani, bado.

Yakiwa mamia, siku tisa za ufukweni hazitoshi. Boti hiyo inahitaji kukaa kavu chini ya paa kwa miezi. Ziba yaliyopasuka, paka rangi ya kukuvusha msimu, na usiweke tabaka nzima ya epoksi juu ya faiba iliyolowa. Utafungia maji ndani, na malengelenge yatarudi makubwa zaidi.

Kuziba ni kwa epoksi iliyokazwa kwa unga wa silika hadi isimame kama siagi. Puti ya magari isishuke chini ya mstari wa maji hata kwa shimo la ukubwa wa punje. Ni polista iliyojazwa unga wa talki. Hunyonya maji, hulainika, na hudondoka ikiwa na rangi yako juu. Inapendwa kwa kuwa ni rahisi na hukauka kwa dakika 20, nayo ndiyo sababu ya mashimo mengi yanayozibwa kila mwaka mahali palepale.

Fundi aliyezoea polista huzidisha hadina (dawa ya kugandisha) ili kazi iende haraka. Kwenye epoksi hilo huharibu. Kipimo kilichoandikwa, kiwe 2 kwa 1 au 5 kwa 1, ni sehemu ya kemia yenyewe. Ukizidisha hadina hutapata ukavu wa haraka, utapata donge linalonata milele. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni kama lebo inatoa uwiano wa uzito, au kwa vikombe vyenye alama kama inatoa wa ujazo. Hizo mbili si sawa. Kwa joto la nyuzi 30 changanya gramu 150 hadi 200 kwa wakati mmoja, uitandaze kwenye kibao badala ya kuiacha kwenye kopo, la sivyo itachemka na kufuka moshi mkononi.

Epoksi ikishakauka huacha juu yake utando wa nta unaoteleza. Osha kwa maji na sponji ya kusugulia sufuria, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, unaukandamiza utando ndani ya mikwaruzo.

Msasa

Msasa wa maji namba 80 kwenye ubao wa kushikia, kwa mwendo wa mviringo. Uso unatakiwa ufifie wote, pasibaki doa linalong'aa. Usiende zaidi ya namba 120 ukidhani unaboresha. Rangi ya chini hushikilia mikwaruzo hiyo.

Kama boti ni mpya na haijawahi kupakwa, kuna nta ya kutolea kwenye kalibu. Itolewe kabla ya msasa kwa kitambaa chenye kiyeyusho na kitambaa cha pili kikavu kinachofuata hapohapo, ukibadilisha vyote mara kwa mara. Mwaga maji: yakitanda kama karatasi, pako safi, yakijikusanya matone, nta ipo.

Vumbi la rangi hii ni sumu, ndiyo maana ya kutumia maji. Kitambaa usoni au barakoa ya hospitali haizuii. Inatakiwa barakoa ya vumbi ya P2 au P3 inayobana uso, miwani, mikono mirefu. Tandika turubai chini ya boti, kusanya tope na mabaki yote kwenye gunia, uyapeleke kwenye taka za nchi kavu. Shaba huua mwani. Mahali kama pwani ya mashariki ya Unguja, ambako akina mama wana mashamba ya mwani mita chache kutoka unapofanyia kazi, hili si jambo la hiari.

Kiasi cha rangi na siku ya kupaka

Zidisha urefu wa mstari wa maji kwa jumla ya upana na kina cha boti majini. Urefu mita 7, upana 2.2, kina 0.4: yaani 7 × 2.6, ambayo ni mita za mraba 18.2. Lita moja hufunika kama mita za mraba 9 kwa mkono mmoja (tabaka moja), kwa hiyo mikono miwili ni lita 4. Ongeza lita moja kwa mkono wa tatu kwenye omo, mstari wa maji na mkuku, ambako maji husugua zaidi. Nunua lita 5.

Palipo na jelkoti tupu au epoksi mpya panataka praima ya epoksi. Mkono wa kwanza wa rangi ya chini uende juu ya praima ikiwa bado inashika: bonyeza kidole gumba, kiache alama lakini kisitoke na rangi. Ukichelewa ikakauka kabisa, rudi kwenye msasa.

Paka kuanzia saa 3 asubuhi, umande ukishatoka, na uache kufikia saa 10 jioni. Anza na upande ulio kivulini. Boti inayochoma mkono hukausha rangi kabla haijajilaza. Kusi likivuma, mwagia maji mchanga unaozunguka boti ili usipeperuke. Koroga kopo kwa kijiti bapa mpaka kijiti kisitoke tena na donge: shaba ni nzito na hukaa chini, na asiyekoroga hupaka nusu ya kwanza bila sumu. Thina usizidishe asilimia 5. Mkono wa kwanza ukiwa mwekundu na wa pili wa bluu au mweusi, wekundu utakapochungulia utajua rangi imeisha bila kubahatisha.

Zinki hazipakwi. Iliyoliwa nusu ibadilishwe sasa. Mguu wa mashine ni alumini, na shaba ikigusana nayo kwenye maji ya chumvi huila alumini. Acha utepe wa sentimita 3 usiopakwa kuzunguka bano la mashine, na kama boti yenyewe ni ya alumini, rangi ya shaba isipande kabisa. Kipimio cha kina hupakwa rangi yake maalumu isiyo na shaba, kwa wembamba. Tepu ya mstari wa maji ivutwe rangi ikiwa mbichi. Muda wa chini na wa juu kabla ya kushusha majini umeandikwa kwenye kopo, nao hutofautiana sana kati ya rangi na rangi.

Chombo cha mbao

Mashua au jahazi lililopakwa kwa desturi lina deheni, yaani shahamu na chokaa, chini na sifa (mafuta ya samaki) juu. Hakuna rangi ya kopo itakayoshika juu ya mafuta hayo. Mwenye kuhama kutoka deheni kwenda rangi ya kopo lazima akwangue mpaka mbao mpya ionekane, apanguse kwa kiyeyusho mara kadhaa, kisha aache jua livute mafuta yaliyobaki na apanguse tena. Asiyetaka kazi hiyo abaki na deheni kwa moyo mkunjufu, aipake upya mara kwa mara kama mabaharia walivyofanya siku zote. Nusu ya njia ndiyo inayopoteza pesa.

Tofauti na faiba, mbao isikaushwe kupita kiasi. Baada ya siku chache za jua mishono hufunguka, na fundi asiye mzoefu huijaza pamba mpaka pomoni. Mbao zikirudi majini huvimba, pamba haina pa kwenda, na mshono husukuma misumari. Kalafati, yaani pamba ya kuziba mishono, ipigwe kwa chembeu mpaka imekaa imara bila kulazimisha, ikiachia nafasi ya milimita 3 hivi hadi kwenye uso wa ubao, nayo izibwe kwa kitu kinachonyumbuka. Funika ubavu unaoelekea jua kwa makuti au magunia yaliyolowa. Vichwa vya misumari ya chuma vipate praima na kufunikwa kabla ya rangi ya shaba.

Chombo kikishuka kitavuja kwa siku moja au mbili. Weka pampu na mtu wa kukilinda usiku wa kwanza, na usipakie mzigo mpaka ngama (maji yanayokusanyika ndani chini ya chombo) itulie.